Programu Huria Nyanda za Juu Kusini (5): Kivinjari kipya, kivinjari thabiti na kivinjari kilichotelekezwa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na habari hiyo ikatangazwa kila mahali. Wiki chache baadaye Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, nao wakatekeleza uamuzi waliokuwa wameutangaza mapema: Firefox 144 ikawa ya mwisho kutengenezwa kwa ajili ya Linux ya biti 32, na kuanzia 145 mwenye mashine ya aina hiyo hapati tena toleo jipya. Habari hii ya pili imepita karibu kimya. Kwa shule, parokia, zahanati na ofisi za kata kuanzia Mafinga hadi Tukuyu, ambako kompyuta nyingi hufika zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, habari hii ni nzito kuliko ile ya kwanza, maana wengi waliokimbilia Linux ili kuokoa mashine zao za zamani sasa wanauliza ni kivinjari gani wabaki nacho: kile kinachobadilika kila mwezi, au kile kinachoitwa thabiti? Namna ya kuchagua na kusakinisha Linux yenyewe ilielezwa katika makala zilizotangulia, nami sitairudia. Leo nina hoja moja. Kwa maabara ya shule na kwa ofisi ya umma, toleo thabiti ndilo linalofaa, lakini kwa sharti kwamba linapokea viraka vyake vya usalama kila vinapotoka. Likikosa sharti hilo, jina la uthabiti halimlindi mtu yeyote.

Firefox hutoka katika njia mbili. Njia ya haraka hutoa toleo jipya kila baada ya wiki nne, utaratibu uliofuatwa tangu 2020. Kabla ya hapo, tangu 2011, ilikuwa takriban wiki sita. Njia ya pili inaitwa ESR. Ilianzishwa Januari 2012 kwa toleo la 10, baada ya vyuo na mashirika kulalamika kwamba mafundi wao hawawezi kukagua kivinjari kipya kila mwezi na nusu. Katika njia hii, sura na uwezo wa kivinjari hugandishwa kwa takriban mwaka mzima, huku viraka vya usalama vikiendelea kuja kwa ratiba ileile ya wiki nne. Toleo la ESR lililotoka Juni 2025 ni 140. Kati ya aina za Linux, Debian humpa mtumiaji wake ESR bila kumuuliza. Ubuntu, tangu 22.04, hupakia Firefox ya njia ya haraka kwa mfumo wa snap, ambao hujisasisha wenyewe. Linux Mint nayo hutoa ile ya haraka kama kifurushi cha kawaida. Watumiaji wengi kwa hiyo wamekwisha kuchaguliwa njia bila kujua. Anayependa Chrome ana uchaguzi mdogo zaidi, kwani Google hutoa toleo lake la mwendo wa polepole kwa Windows na Mac pekee.

Wapo wanaoliona jambo hili dogo lisilostahili ukurasa wa gazeti. Historia ya nchi yetu inasema vingine. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta ilikwama vibaya. Hesabu zilivurugika, wataalamu waliotegemewa walikuwa wa kutoka nje, Watanzania waliofunzwa walikuwa wachache mno, na Hazina ikalazimika kurudi kwenye mashine za kawaida za uhasibu. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, isipokuwa kwa kibali maalumu, na mlango huo ulikuja kufunguka kikamilifu katika miaka ya 1990. Watu husimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba viongozi wa wakati ule waliogopa maendeleo. Maelezo hayo hayatoshi, na yanawaonea. Hasara waliyoiona ilikuwa ya kweli: fedha za kigeni zilikuwa zimetumika kununua kitu kipya ambacho hapakuwa na mikono ya kukitunza. Walipokosea ni katika dawa. Kufunga mlango hakukuzalisha watunzaji. Kulichelewesha kupatikana kwao kwa karibu kizazi kizima. Makosa hayo mawili, kukimbilia kipya kisicho na mtunzaji na kisha kugandisha kila kitu kwa hofu, ndiyo yanayorudiwa leo kwa kipimo kidogo katika maabara zetu. Mwalimu mmoja anasakinisha toleo la majaribio kwa sababu ni jipya. Mwenzake anazima masasisho yote kwa sababu siku moja yaliharibu printa. Wote wawili wamekwepa swali la nani anaitunza programu hiyo.

Swali hilohilo liliwagawa hata mabingwa wenyewe, na ugomvi wao wa 2006 unastahili kujulikana zaidi kuliko ulivyo. Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock Agosti 1993, una desturi ya kugandisha. Toleo lake thabiti likishatoka, programu zake hazipandishwi daraja. Kasoro ya usalama ikigunduliwa, kiraka huchukuliwa kutoka toleo jipya na kushonewa kwenye toleo la zamani. Toleo lililoitwa sarge lilitoka Juni 2005 likiwa na Firefox ya mfululizo wa 1.0, na mwaka uliofuata Mozilla wakaacha kuutunza mfululizo huo. Debian wakaendelea kuushonea viraka wao wenyewe. Mozilla wakasema: mkibadilisha msimbo bila idhini yetu, msitumie jina letu, na jina halitumiki bila nembo yake. Debian wakajibu kwamba nembo hiyo haikutolewa kwa leseni huria, hivyo haiwezi kuingia katika mfumo wao. Hakuna upande uliorudi nyuma. Debian wakakibatiza kivinjari kilekile jina la Iceweasel, na watumiaji wao wakaishi nacho hadi 2016, jina la Firefox liliporudi.

Wasimulizi wengi hukomea kwenye jina na nembo. Mimi naona kiini cha kisa kiko mwaka 2013. Juni mwaka huo, kikosi cha usalama cha Debian kilitangaza kwamba kimebadili utaratibu: hakitashonea tena viraka kwenye kivinjari cha zamani, kitawapelekea watumiaji wa toleo thabiti ESR yenyewe kila inapotoka. Hatua hiyo ni kubwa. Mradi unaosifika duniani kwa subira, mradi uliochukua karibu miaka mitatu kutoka toleo la Julai 2002 hadi lile la 2005, ulikiri kwamba kivinjari hakigandishiki kama programu nyingine. Msimbo wake ni mkubwa mno, hubadilika upesi mno, na hushambuliwa kila siku na watu wenye fedha na ujuzi. Watu wa kujitolea, hata wawe hodari namna gani, hawawezi kusoma kila kasoro ya toleo jipya na kuitafsiri katika msimbo wa miaka miwili nyuma. Kwa hiyo anayejitetea kwamba hasasishi kivinjari kwa kuwa anafuata falsafa ya Debian ajue kuwa Debian yenyewe iliacha kufanya hivyo zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Watu wa Mbeya wana kielelezo karibu. Kituo cha utafiti cha Uyole hakimpi mkulima mbegu ya maharage kwa sababu tu ni mpya. Hujaribiwa msimu baada ya msimu, mahali tofauti, ndipo itolewe, na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu, hukagua ubora wa ile inayouzwa. Firefox nayo hupita hatua zake za majaribio kabla ya kufika kwa mtumiaji, na kilichomo katika ESR kimekwisha kutumiwa na mamilioni ya watu kabla ya shule ya Ilula au Rungwe kukipokea. Hapo ndipo ulinganifu unapoishia, kwa sababu mbegu iliyopitishwa hubaki ileile kwenye gunia, wakati kivinjari kisichoguswa kwa miezi sita tayari kina matundu yaliyoandikwa hadharani.

Ushahidi wa karibuni ni wa Oktoba 2024. Watafiti wa ESET waligundua kasoro iliyosajiliwa kwa namba CVE-2024-9680, iliyokuwa tayari inatumiwa na wahalifu: kufungua ukurasa wenye mtego kulitosha kumpa mshambuliaji nafasi ya kuendesha msimbo wake ndani ya kivinjari. Tarehe 9 Oktoba Mozilla walitoa tiba kwa matoleo matatu kwa mkupuo, yaani 131.0.2 ya njia ya haraka, ESR 128.3.1 na ESR 115.16.1. Mwenye toleo jipya na mwenye toleo thabiti walipona siku moja. Aliyebaki na hatari ni yule aliyezima masasisho, awe na toleo la namba kubwa au ndogo. Miezi michache baadaye, tarehe 14 Machi 2025, cheti kikuu cha usalama kilichotumiwa na Mozilla kilifikia ukomo wake, na vivinjari vilivyokuwa nyuma ya 128, au nyuma ya 115.13 kwa upande wa ESR, vikakabiliwa na kuzimika kwa viongezi vyake. Kwa mara nyingine mstari haukupita kati ya kipya na thabiti. Ulipita kati ya kinachotunzwa na kilichotelekezwa.

Wapinzani wa ESR wana hoja, nami sizidharau. Ya kwanza ni kwamba viraka vinavyorudishwa kwenye ESR ni hasa vya kasoro kubwa, huku ndogondogo na maboresho ya kinga ya jumla yakisubiri toleo la mwaka unaofuata. Ni kweli, na mtu anayefanya kazi nyeti kwenye kompyuta yake mwenyewe, yenye uwezo na intaneti ya uhakika, ana sababu nzuri ya kuchukua njia ya haraka. Ya pili ni kwamba tovuti mpya zinahitaji vivinjari vipya. Mzabuni anayetumia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, au mwanafunzi anayeomba mkopo HESLB hawezi kumudu ukurasa unaokataa kufunguka siku ya mwisho. Lakini ESR iko nyuma kwa takriban mwaka mmoja tu, na watengenezaji wa mifumo ya umma hawapaswi kujenga mlango ambao mwananchi mwenye kivinjari cha mwaka jana hawezi kuupita. Wajibu huo ni wao, na tuudai. Ya tatu ni gharama ya bando, na hii ndiyo inayosikika zaidi vijijini hata baada ya mkongo wa taifa kufika Iringa na Mbeya. ESR haiiondoi, kwani viraka vyake navyo ni makumi ya megabaiti. Kinachoipunguza ni programu kama apt-cacher-ng, ambayo huwekwa kwenye kompyuta moja ya maabara, hupakua kifurushi mara moja, kisha huzigawia kompyuta zote nyingine kupitia waya wa ndani. Maabara ya kompyuta 30 hulipia upakuaji mmoja. Kutoijua njia hii kumegeuka kisingizio cha kutosasisha, na fundi wa shule anayelipwa kwa kazi hiyo hana haki ya kujificha nyuma yake.

Hapa ndipo penye kilio changu cha siku nyingi. Kanda hii haikosi vyuo. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi. Iringa ina Mkwawa inayofunza walimu, na Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho kikiwa bado Tumaini kilianza shahada ya teknolojia ya habari mwaka 2007 kwa ushirikiano na wasomi wa Joensuu, Finland. Wasomi haohao, wakiwamo Erkki Sutinen na Matti Tedre, walikuwa wameandika mwaka 2003 juu ya ufundishaji wa programu katika sekondari ya Kidugala, wakisisitiza kwamba somo lazima lijengwe juu ya mazingira ya mwanafunzi. Mazingira yetu ni umeme unaokatika, vumbi, bando ghali na mashine za mkono wa pili. Mhitimu anayejua kuandika programu lakini hajui kuitunza maabara ya vijijini kwa miaka mitano amefunzwa nusu, na kosa ni la mtaala kabla halijawa lake.

Kuhusu mashine za biti 32 zilizoleta mjadala huu, nafasi inaruhusu maneno machache. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Mozilla wameahidi kuendelea kuitunza ESR 140 kwa biti 32 angalau hadi Septemba 2026, kwa hiyo mashine hizo zihamie huko leo kama hazijahamia. Kisha ukaguzi mmoja ufanyike kabla ya kumtupia mtu lawama au mashine jalalani: andika lscpu kwenye dirisha la amri na usome mstari wa CPU op-mode(s). Ukikuta 32-bit na 64-bit vyote viwili, prosesa yako ni ya biti 64 iliyowekewa mfumo wa biti 32, na unaweza kuisakinishia Linux ya biti 64 bila kununua kifaa chochote. Prosesa za Core 2 Duo, za kuanzia 2006, ziko katika kundi hilo. Walimu wa TEHAMA na mafundi wa halmashauri, fanyeni ukaguzi huu muhula huu, muandike majibu kwenye daftari la maabara, na mashine itakayoonyesha 32-bit peke yake iondolewe kwenye intaneti kabla ya Septemba 2026.