Jinsi ya kuteua vigae vya bafu na muuzaji wa kutegemewa kisiwani Lamu

SAKAFU ya bafu la ghorofani katika nyumba kongwe ya Lamu ina kazi mbili: kumhifadhi anayeoga asiteleze, na kuyazuia maji yasifike kwenye boriti. Kigae kinachopendeza machoni chaweza kushindwa na kazi zote mbili.

Mji Mkongwe wa Lamu uliorodheshwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mwaka 2001. Nyumba zake za mawe zimejengwa kwa matumbawe na chokaa. Sakafu za ghorofa hubebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, kisha juu yake hupangwa mawe na kusakifiwa kwa chokaa.

Hapo kale mwogaji aliteka maji kwa kata kutoka birikani, na maji hayo yalikuwa machache. Sakafu ya chokaa ilitosha. Siku hizi kuna pampu, matangi juu ya paa na bomba la manyunyu, na baadhi ya nyumba zimegeuzwa kuwa za wageni, zenye mabafu kadhaa katika ghorofa moja. Maji yanayomwagika yameongezeka maradufu, ilhali boriti ni zile zile. Zikilowa kwa muda mrefu huoza kimyakimya, na mwenye nyumba hutambua dari inapoanza kulegea.

Kigae kisichonywa maji

Kwa bafu ambalo sakafu yake yote hulowa, sifa ya kwanza ya kuzingatia ni kiasi cha maji ambacho kigae hufyonza. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13006 hugawanya vigae kwa kigezo hicho. Vile vya kaure, ambavyo madukani huitwa porselini, hufyonza maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Vinavyofyonza zaidi ya asilimia 10 hutengenezwa kwa ajili ya ukuta, wala havifai kukanyagwa.

Wakazi wa Lamu hawahitaji kufundishwa thamani ya kaure. Wazee wao walitia bakuli za kaure katika sakafu ya birika.

Mnunuzi anaweza kukipima kigae papo hapo dukani. Akigeuze na kudondosha matone ya maji mgongoni mwake, mahali pasipopakwa rangi. Matone yakitoweka upesi, kigae hicho kinakunywa maji. Yakisalia juu kwa dakika kadhaa, huenda ni kaure halisi.

Kisha avilaze vigae viwili uso kwa uso. Vikiyumba, vimepinda, na maji yatatuama juu yake badala ya kuelekea shimoni.

Mguu mtupu

Sifa ya pili ni ukinzani wa utelezi. Vigae vinavyong'aa kama kioo huuzwa kwa wingi kwa ajili ya sebule, lakini vikilowa maji na sabuni ni hatari, hususan kwa wazee na akina mama wajawazito.

Katika baadhi ya masanduku huandikwa herufi R pamoja na nambari kuanzia 9 hadi 13. Kipimo hicho kinahusu mtu aliyevaa viatu. Kwa miguu mitupu kuna kipimo cha Kijerumani, DIN 51097, chenye madaraja A, B na C. Mahali pa kuogea panahitaji angalau daraja B.

Iwapo sanduku halina maandishi hayo, muuzaji aombwe akilowe kigae kimoja kwa maji ya sabuni, na mnunuzi akikanyage bila viatu huku ameshikilia kitu imara.

Vigae vidogo vina faida nyingine. Sakafu hii yapaswa kuinama kuelekea shimo la maji kwa sentimita moja hadi mbili katika kila mita. Vigae vya sentimita 10 kwa 10 hufuata mteremko huo kwa urahisi, na mistari mingi iliyo baina yake huupa mguu mahali pa kushika. Vile vya sentimita 60 kwa 60 havina budi kukatwakatwa.

Muuzaji na safari ya mizigo

Nchini Kenya vigae hutengenezwa viwandani, kikiwemo kile cha Twyford katika Kaunti ya Kajiado kilichoanza kazi mwaka 2016. Vingine huagizwa kutoka mataifa kama China, India na Uhispania. Vya humu nchini vinapaswa kuwa na alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS), na vya ng'ambo kibandiko cha shirika hilo cha bidhaa za kuagizwa.

Muuzaji mwema hutambulikana kwa majibu yake. Hufungua sanduku bila kusitasita, huonyesha nambari ya rangi na ya kipimo, hutoa risiti yenye nambari hizo, na hutamka waziwazi ni nani atakayelipia vitakavyovunjika njiani.

Swali hilo la mwisho ni zito kwa Lamu. Shehena ya vigae kutoka Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu hadi gati la Mokowe, ikapakiwa mashuani, kisha ikabebwa na punda au mikokoteni katika vichochoro vya mji.

Mathalani, bafu la mita 2 kwa 1.5 lina eneo la mita 3 za mraba. Ikiwa sanduku moja linatosha mita 1.5, masanduku mawili yataenea barabara bila kubakiza hata kigae kimoja. Kimoja kikivunjika, itabidi kuagiza upya, na huenda rangi isilingane. Ni heri kununua la tatu siku ile ile, lenye nambari ile ile, na kuweka akiba kitakachosalia.

Kilicho chini ya kigae

Hata kigae bora hakizuii maji peke yake, kwani hupenya katika mistari. Kizuizi halisi ni tabaka maalumu la kuzuia maji linalopakwa kabla ya vigae na kupandishwa ukutani. Likishakauka, shimo lizibwe, sakafu ijazwe maji kidogo, na boriti zilizo chini zichunguzwe baada ya saa 24. Fundi anayelikataa jaribio hilo asipewe kazi.

Mchanga wa ufuoni na maji ya kisima yenye chumvi visitumike kuchanganyia saruji. Chumvi hiyo hujitokeza baadaye kama unga mweupe katika mistari.

Uzito nao upimwe. Vigae vya kaure hufikia takriban kilo 20 kwa mita moja ya mraba, na saruji ya unene wa sentimita 5 takriban kilo 100. Katika bafu la mita 3 za mraba, mzigo huo unakaribia kilo 360 juu ya boriti zilizozeeka. Kwa hiyo boriti zikaguliwe kwanza, na maafisa wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya mjini Lamu waulizwe kabla ya sakafu ya kale kubomolewa.

Maji yakimwagika hayazoleki, na kigae kilichogandishwa hakirudishwi dukani. Mwenye nyumba mwenye fedha za kutosha jambo moja tu aanze na boriti na tabaka la kuzuia maji. Urembo wa kigae waweza kungoja msimu mwingine.