Mmepima damu kabla ya kuchapisha kadi?

Wewe unayepanga harusi Mji wa Kale mwaka huu, ushachagua ukumbi, mpishi wa biriani na leso za sare. Damu je? Sisemi ukimwi pekee, nasema selimundu, siko seli kama wengi tunavyoiita.

Aliyerithi jeni moja tu kwa kawaida haumwi, na hata malaria kali humkwepa. Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alipima damu za watu nchini akakuta jeni hiyo imejaa huku Pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu, lakini ni adimu nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba inakinga malaria.

Inakinga vipi? Hapo ndipo utamu ulipo. DNA ni kama kitabu cha mapishi kisichotoka kabatini. Agizo hunakiliwa kwenye kikaratasi, yaani RNA mjumbe, kikapelekwa jikoni protini ipikwe. MaikroRNA ni kipande kifupi mno, herufi 22 hivi, kinachonata kwenye kikaratasi hicho. Mpishi akashindwa kukisoma, au kikachanwa kabisa. Jeni ipo, ila imenyamazishwa. Victor Ambros na Gary Ruvkun walilichapisha jambo hili mwaka 1993, wakichunguza kijinyoo kidogo. Nobel wakaipata 2024. Miaka 31, wallahi!

Sasa, seli nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini. Kitabu kishatupwa, lakini maikroRNA bado zimo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba seli zenye jeni ya selimundu zina baadhi yazo kwa wingi zaidi, mojawapo miR-451. Kimelea cha malaria kikiingia, hizo humpenya na kujiunga na vikaratasi vyake, protini zake zisipikwe. Si kinga pekee iliyopo, ila ndiyo inayonifurahisha: mgeni kaingia bila hodi, kakuta jiko limefungwa.

Kazi iko mkikutana wawili wenye jeni hiyo. Kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya mtoto kurithi zote mbili, na huyo ndiye anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa. Kinga ile ya mzazi haimfai. Malaria ikimpata humwangusha vibaya. Si jini, wala si hasadi ya jirani.

Nendeni hospitalini pamoja, na muulizie kipimo cha aina ya hemoglobini. Kile cha wingi wa damu hakitawaambia kitu.