Mazungumzo ya 9: Matembezi ya Akina Mama Bila Mzigo

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi huliona kama mchezo tu, nalo ni matembezi.

Mwezi wa nne, mvua ndefu zilipotulia kidogo, kikundi kimoja cha akina mama hapa Masara kiliniomba tutembee pamoja Jumapili jioni. Kwa kawaida wao hukutana kuchanga pesa za chama. Siku hiyo mitungi, majembe na vikapu vilibaki nyumbani. Tulishika njia ya mashambani. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, osuga na apoth zimechipuka kando ya njia, na vumbi halikuwepo.

Hatujafika mbali, dani mmoja akaniuliza, "Sista, mimi natembea kila siku. Kisimani, sokoni, shambani. Kwa nini nitembee tena bure?"

Swali lake ni zuri. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, na kazi ya shamba huhesabiwa. Lakini mama anayekaa dukani, au anayeketi kutwa akiponda mawe ya dhahabu, huenda asizifikishe. Tena mtungi wa lita 20 kichwani hulemea shingo na mgongo, na njiani mawazo yako yako jikoni. Ukitembea bila mzigo, akili nayo hupumzika, na mdomo hufunguka.

Katika msafara wetu alikuwepo mama mwenye mtoto wa miezi mitatu. Kila siku ya kliniki nikimuuliza hali, hujibu, "Niko sawa, sista." Siku hiyo alibaki nyuma tukatembea sako kwa bako, akasema polepole, "Mimi silali hata mtoto akilala. Nikimtazama, sihisi kitu." Ameniruhusu niwaeleze haya bila kumtaja. Ofisini tunatazamana, na kuna foleni mlangoni. Njiani kila mtu anatazama mbele, na neno zito hutoka kwa urahisi zaidi.

Akina mama, hali hiyo ni ugonjwa wa huzuni baada ya kujifungua. Si uvivu, wala si laana. Siku za kwanza mama wengi hulia ovyo, kisha hali hiyo huisha yenyewe katika wiki mbili. Ikizidi hapo, akikosa usingizi na hamu ya chakula, akijitenga na watu au akijiona hana maana, anahitaji msaada. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama mmoja kati ya watano hupata matatizo ya akili baada ya kujifungua.

Je, kikundi husaidia? Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofanywa vijijini Masaka na Rakai, Uganda. Watu wenye huzuni kubwa waliokutana kila wiki katika vikundi, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa, walipata nafuu kubwa kuliko waliobaki bila vikundi. Matembezi yetu si matibabu kama yale. Lakini yanaweza kuwa mlango wa kuyafikia. Mama yule alikuja kituoni kesho yake, akaanza ushauri. Wenzake wakapanga zamu ya kumshikia mtoto ili alale. Sasa anacheka.

Mkitaka kuanza, fanyeni hivi:

1. Chagueni siku moja ya wiki na mtembee dakika 30 hadi 60. Mwendo mzuri ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba.

2. Mjamzito mwenye afya anaweza kuja. Aliyejifungua aanze polepole, na aliyepasuliwa aulize kwanza kituoni. Ukiumwa na kifua, ukipata kizunguzungu, kichwa kuuma sana au kutokwa na damu, simama, tafuta matibabu mara moja.

3. Shikeni njia mnayoijua. Wakati wa mvua nyasi hufunika mashimo ya dhahabu yaliyoachwa. Msivuke mto uliofurika, na radi ikianza rudini nyumbani.

4. Msichume mboga karibu na mahali dhahabu inaposafishwa kwa zebaki. Sumu hiyo hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni.

5. Mwiteni mhudumu wa afya ya jamii awapime presha kabla ya kuondoka. Tangu Septemba 2023 wengi wao wamepewa mikoba yenye kipimo. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, nenda kituoni ikapimwe tena.

6. Linalosemwa njiani libaki njiani. Lakini mama akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, msimwache peke yake, na mpelekeni hospitalini siku hiyo hiyo.

Nawe baba unayesikiliza, jioni hiyo moja baki na watoto. Mama akiaga kwamba anaenda kutembea na wenzake, usimuulize anakimbia kazi gani. Anajitunza ili aweze kuwatunza.

Kabla ya kipindi kijacho, mfikirie mama mmoja jirani yako ambaye siku hizi haonekani. Mpitie Jumapili, umwambie, "Njoo tutembee."