KISU CHA KUKATIA CHATAKA MKONO MTULIVU

Bwawa la Owen Falls, ambalo leo laitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, mji wa Jinja ulijaa viwanda. Shaba ya Kilembe iliyeyushwa huko, nguo zikafumwa, na mafundi wa kukereza vyuma wakapata kazi. Baada ya mwaka 1972 vipuri viliadimika nchini, na fundi aliyeweza kukereza kipuri uani kwake akawa mtu wa kutegemewa, Jinja hata Mbale.

Katika vifaa vyote vya mashine ya kukereza, ni vichache vivunjikavyo upesi kama kisu cha kukatia. Ni chembamba, aghalabu milimita 2 au 3, nacho huzama ndani ya chuma kinachozunguka. Kikibanwa huvunjika, na pamoja nacho huharibika chuma ambacho huenda kilinunuliwa kwa fedha ya unga. Wako mafundi wanaokichonga kutokana na msumeno wa mashine uliovunjika, kwa kuwa chuma chake hustahimili joto.

Chini ya makali kinolewe kwa mshazari wa digrii 6 hadi 8, ili makali peke yake yaguse kazi. Mbavuni digrii 1 au 2 zatosha kila upande, na unene upungue kidogo kuelekea nyuma. Anayezidisha mbavuni hudhani amekisaidia kisu, kumbe amekidhoofisha. Makali yakitangulia kidogo upande wa kipande kitakachoanguka, kipande hicho hakibaki na kijinundu katikati. Wakati wa kunoa kichovywe majini mara kwa mara, kabla hakijashika moto mno.

Lakini hatari kubwa i katika jiwe lenyewe. Kabla ya kufungwa ligongwe polepole kwa kipini cha mti: likilia kama kengele ni zima, likitoa sauti ya kufa lina ufa, litupwe. Nafasi baina ya jiwe na kiegemeo isizidi milimita 3. Fundi avae miwani ya kazi, aache glovu, na watoto wasikae karibu. Chembe moja yatosha kumpofusha mtoto anayechungulia.

Kwenye mashine, makali yawe sawa na kitovu cha kazi, kisu kisichomoze mno, mwendo uwe wa taratibu na mafuta yasikatike. Kisu kikianza kutetemeka na kulia, mashine izimwe kwanza, ndipo sababu itafutwe.