Barua ya wahandisi iliyoiangusha kampuni

Wasomaji wetu wengi huuza vitu ambavyo wao wenyewe hawana uwezo wa kuvipima: nondo, pampu, nyaya za umeme, mitungi ya gesi. Hapo hutegemea karatasi ya mhandisi. Karatasi ikisema bidhaa ina mashaka, wanunuzi hukimbia siku hiyo hiyo, na ni wachache wanaosubiri kusikia upande wa pili. Je, mhandisi aliyeiandika akiwa naye ana mkono katika biashara hiyo hiyo? Wiki hii tunaeleza kesi moja ya Marekani ambayo ilifika hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo.

Boila ya kupashia majengo joto huwa na kifaa kidogo cha usalama. Maji yakipungua kupita kiasi, kifaa hicho hukata mafuta ili moto uzimike kabla boila haijaungua au kulipuka. Kwa miaka mingi soko la vifaa hivyo lilikuwa mikononi mwa kampuni ya McDonnell & Miller. Katika miaka ya 1960 ikaingia kampuni ndogo, Hydrolevel, na kifaa chenye kuchelewa kidogo kabla ya kukata mafuta, maana maji ya boila huchezacheza na si kila yanaposhuka pana hatari. Mapema mwaka 1971 Hydrolevel ikampata mteja mkubwa, Brooklyn Union Gas, ambaye kabla ya hapo alikuwa wa McDonnell & Miller.

Sasa msomaji aangalie nani alikalia kiti gani. Kanuni za boila hutungwa na chama cha wahandisi wa mitambo, ASME. Si chombo cha serikali, lakini hadi kesi inaamuliwa majimbo 46 yalikuwa yamezifanya kanuni hizo kuwa sheria. Wanaozifafanua ni kamati za wahandisi wa kujitolea, ambao mishahara yao hutoka kwenye kampuni wanazofanyia kazi. Makamu mwenyekiti wa kamati ndogo iliyohusika na kifaa hicho alikuwa John James, ambaye pia alikuwa makamu wa rais wa McDonnell & Miller. Mwenyekiti alikuwa T. R. Hardin, ofisa wa juu wa kampuni ya bima ya boila ya Hartford.

James na wenzake wa McDonnell & Miller wakakutana na Hardin. Baadaye kampuni ikakiandikia chama kuuliza kama kanuni zinaruhusu kifaa chenye kuchelewa. Ofisi ya chama, kwa utaratibu wake wa kawaida, ikalipeleka swali kwa Hardin! Waliosaidia kuliandaa swali ndio walioliandaa jibu, na kamati nzima haikuliona, kwa kuwa taratibu ziliruhusu hivyo mradi jibu lihesabiwe kuwa si rasmi. Lilitoka Aprili 29, 1971, kwenye karatasi ya chama na kwa saini ya katibu. Lilisema kuwa kifaa kikichelewa hakuna uhakika kwamba maji hayatashuka hadi kiwango cha hatari.

Wauzaji wa McDonnell & Miller wakaanza kuitembeza barua hiyo kwa wateja. Hydrolevel haikujua lolote hadi mwaka 1972, nakala ilipoifikia kupitia kwa mteja wake wa zamani. Ililalamika, na chama kikajibu kwamba kanuni hazikukusudia kukataza vifaa vya kuchelewa, lakini kikarudia tahadhari ile ile. Wakati huo James ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ndogo.

Ni vyema kuelewa kosa lilikuwa wapi. Huenda hoja ya kiufundi ilikuwa na ukweli ndani yake, maana wahandisi hubishana juu ya mambo kama hayo kila siku. Mgongano wa maslahi hauhitaji uongo. James alitakiwa aseme mapema, "hili linagusa kampuni yangu," kisha atoke chumbani. Kuwafukuza watu wa viwanda katika kamati hakuwezekani, kwani wanaoijua boila ni wale wanaoitengeneza. Hata TBS na KEBS huwaita wenye viwanda katika kamati zao za kiufundi. Kwa hiyo mfanyabiashara anayeonyeshwa barua ya kuponda bidhaa ya mshindani aulize nani aliuliza swali, nani aliandika jibu, na kama kamati nzima ilikaa.

Hydrolevel ilifungua kesi mwaka 1975. McDonnell & Miller ikamalizana nayo nje ya mahakama, na Hartford ikafanya vivyo hivyo. Chama kilikataa, kikidai hakikufaidika na chochote. Jopo la raia lililosikiliza kesi likaona hasara ni dola milioni 3.3, na sheria ya ushindani ya Marekani huzidisha fidia mara tatu. Kiasi hicho kilibishaniwa zaidi katika rufaa, lakini Mei 17, 1982 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji 6 dhidi ya 3, kwamba chama kinawajibika kwa wanaosema kwa jina lake, hata kama walikuwa wakiwatumikia waajiri wao.

Hydrolevel yenyewe haikuinuka tena. Iliuza mali zake zote kwa bei ya chuma chakavu, ikabakiza kitu kimoja tu mkononi, nacho ni kesi hiyo.