Fundo la Mvuvi Ndani ya Ateri

Bonge la damu likiziba ateri ya paja, mguu hauna subira. Unapauka, unapoa, unauma kupita kiasi, kisha unakufa ganzi, na saa chache baadaye misuli yenyewe inaanza kufa. Hadi miaka ya 1950, dawa yake ilikuwa kuupasua mshipa sehemu ndefu na kulisaka bonge kwa saa nyingi. Wengi walikatwa mguu hata hivyo, au walifariki.

Thomas Fogarty aliyashuhudia haya kabla hajawa daktari. Alizaliwa mwaka 1934 mjini Cincinnati, Marekani, akafiwa na baba mapema. Ili kuchangia matumizi ya nyumbani, alifanya kazi katika Hospitali ya Good Samaritan, akianza na kuosha vifaa hadi akawa msaidizi wa kuwapa wapasuaji vifaa mezani. Darasani hakuwa wa kutajwa. Aliyemwona ni Dkt. Jack Cranley, bingwa wa mishipa ya damu, akamhimiza asome.

Wazo la Fogarty lilikuwa kulipita bonge, kisha kulikokota kutoka nyuma. Alitwaa mrija mwembamba wa kupitishwa kwenye njia ya mkojo, akakata ncha ya kidole cha glovu ya upasuaji iwe puto. Lakini gundi ya kuunganisha mpira ule na mrija hakuipata. Kilichomwokoa ni uvuvi: tangu utotoni alijua kufunga kwa uzi vile vyambo vya bandia vinavyofanana na wadudu. Akaizungushia glovu uzi, akakaza fundo, na puto halikuvuja. Naamini profesa asiyewahi kushika ndoano angekwama hapo.

Kifaa chenyewe hutumika hivi: mpasuaji huchana kidogo kwenye kinena, husukuma mrija, puto likiwa limesinyaa, hadi uvuke bonge, hujaza puto maji ya chumvi kwa bomba la sindano, kisha huvuta taratibu. Anayejaza puto ndiye anayevuta, maana vidole vyake ndivyo vinavyojua mshipa unagoma wapi. Akilijaza kupita kiasi, anachubua ukuta wa ndani wa ateri.

Hofu ya kuchubua ukuta huo ndiyo iliyowafanya wakubwa wa fani walidharau wazo hilo, na viwanda vikakataa kukitengeneza kifaa hicho. Baada ya kifaa kutumika kwa mgonjwa mara ya kwanza mwaka 1961, Fogarty aliendelea kuwatengenezea wenzake kwa mkono. Alipokwenda Oregon kujifunza upasuaji, Dkt. Albert Starr, aliyebuni vali ya moyo pamoja na mhandisi Lowell Edwards, alisaidia kampuni ya Edwards kukubali. Hataza ilitolewa mwaka 1969.

Hata hivyo, puto la Fogarty ni laini, halifai kutanua mshipa uliosinyaa kwa mafuta magumu. Kazi hiyo ilihitaji puto gumu la plastiki, ambalo Andreas Grüntzig aliliingiza katika ateri ya moyo mjini Zurich, Septemba 1977, mgonjwa akiwa macho.