Almasi ya Mwadui: Ajabu Yenye Wajibu

Ndugu zetu wa visiwani wapitapo Didia, mkoani Shinyanga, huona mbuga na mifugo tu. Kumbe Mwadui, mkoani humuhumu, ina ajabu kubwa. Yapata miaka milioni 50 iliyopita, mlipuko wa volkano ulipandisha almasi kutoka kina cha zaidi ya kilomita 150, ukaacha mwamba wenye eneo la hekta 146. John Williamson aliugundua mwaka 1940. Neema hiyo ya Mwenyezi Mungu yataka uangalizi. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi lilipasuka, tope likafunika mashamba na nyumba. Maofisa wahusika hawana budi kukagua kingo za mabwawa mara kwa mara, ili mkulima asilipie tena almasi kwa shamba lake.